Babu hakurogwa

Wale mmekaa na mimi hapa muda mrefu mnanijua kwa historia za Wanga: Nabongo Mumia, misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyopumzika Mumias ikielekea Uganda, kiwanda cha sukari na jinsi kilivyotuinua kisha kikatuangusha. Leo historia ni ya tumbo. Tena si tumbo la mfalme, ni la babu yangu. Kama uko mezani unakula, maliza kwanza, maana tutataja choo.

Babu alizikwa hapa Musanda mwaka 1987 akiwa na miaka 46. Mimi sikumwona, lakini nina jina lake, kwa sababu kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Nilivyosimuliwa na kukhu, alianza kwa kuchoka. Halafu akakonda mpaka mshipi ukawa unazunguka kiuno mara moja na nusu. Choo kikawa na damu, mwishowe kikafunga kabisa, tumbo likavimba. Akafa kabla mahindi hayajavunwa.

Siku ya kunyoa, wazee waliketi kuuliza ni nini kimemla mtu mwenye nguvu vile. Babu alikuwa na wake wawili. Mke mdogo alikuwa ametoka Ugenya, upande wa Siaya. Ukitoka Musanda kwa boda unafika huko kabla hujamaliza mazungumzo na dereva, lakini siku hiyo alifanywa mtu wa mbali sana. Ikasemwa alikuwa akimpa babu kitu kwenye mboga, kidogo kidogo. Nani aliona? Hakuna aliyeona. Wiki haikuisha, mama huyo akafungasha vyombo vyake akarudi kwao na watoto wawili, kijana wa miaka 4 na msichana aliyekuwa bado ananyonya. Nyumba yake ikaachwa ianguke. Mimi nimecheza juu ya kifusi chake nikiwa mtoto bila kujua ni cha nani.

Mwaka 2009 akafuata senje, dada ya baba, aliyekuwa ameolewa Butere. Alikuwa na miaka 44. Mke mdogo hakuwepo wa kulaumiwa, kwa hivyo laana ikahamia kwenye kesi ya shamba. Na mwaka 2021, katikati ya barakoa na marufuku ya kutoka usiku, akaenda baba mdogo. Miaka 39. Yeye alikuwa ametibiwa amiba, halafu bawasiri, halafu amiba tena, kwa karibu mwaka mzima katika kliniki ambayo sitaitaja. Alipofika mahali penye kamera ya kuingiza tumboni, ndipo kwa mara ya kwanza ugonjwa huu ukapewa jina kwetu: saratani ya utumbo mpana.

Daktari aliyetuambia alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitano. Baada ya kueleza yote akauliza swali moja: "Kwenu kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi?" Mimi na baba tukatazamana.

Swali dogo hivyo. Kwa nini hakuna mtu aliyeliuliza mwaka 1987, wala 2009? Nimekuwa nikilifuata tangu siku hiyo, na jibu limenipeleka mpaka Kampala, kisha Marekani, kisha likanirudisha hapa karibu, pahali ambapo sikutaka kwenda.

Tuanze na jirani, Uganda. Kama umewahi kuambiwa "kula nyuzinyuzi", nyuma ya huo ushauri kuna mtu anaitwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland mwenye jicho moja (lingine alilipoteza akiwa mvulana). Alifika Uganda mwaka 1946, akawekwa Lira, baadaye akahamishiwa hospitali ya Mulago. Dunia inamkumbuka kwanza kwa ile saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, na ambayo hadi leo ina jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kuukuu maili zipatazo 10,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani ameuona ugonjwa huo na wapi. Hiyo safari peke yake ingetosha kuwa video tatu.

Lakini Burkitt aliona kitu kingine pia. Katika hospitali za Afrika, magonjwa ya utumbo yaliyowajaza Waingereza wadi zao yalikuwa nadra, na saratani ya utumbo mpana ikiwemo. Aliandikia hospitali nyingi za misheni kila mwezi akiomba hesabu zao. Yeye na wenzake wakapima hata choo, kwa uzito na kwa muda chakula kinaochukua kupita. Chakula cha wanakijiji wa Uganda kilipita kwa karibu siku moja na nusu, wakati wanamaji wa Uingereza walichukua zaidi ya siku tatu. Mwaka 1971 akachapisha hoja yake: wanaokula vyakula visivyokobolewa wana utumbo unaosafishwa, na wanaokula unga mweupe na sukari wanakaa na uchafu ndani. Kitabu chake cha mwaka 1979 kilisomwa na watu wengi mno.

Sitaki kumkejeli Burkitt. Kwa kiasi kikubwa alikuwa sawa. Mwaka 2015 watafiti walichukua Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili tu, na dalili za hatari ndani ya utumbo zikabadilishana pande vilevile. Na sisi wa Mumias, ambao tangu kiwanda kianze kusaga mwaka 1973 tuling'oa wimbi tukapanda miwa mpaka mlangoni, tuna sababu zetu za kumsikiliza.

Shida ni kilichotokea kwa somo lake likishuka mpaka kliniki ya kijijini. "Ni nadra Afrika" ikageuka kuwa "Mwafrika haugui hii." Kwa hivyo Mwafrika akija na damu kwenye choo, basi ni amiba, ni minyoo, ni bawasiri. Burkitt alikuwa anazungumzia mataifa mazima, hakuwa anazungumzia boma moja. Babu alikula ugali wa wimbi na mutere maisha yake yote. Kwa hesabu ile alikuwa mtu salama kabisa. Lakini kuna boma ambazo huu ugonjwa huingia kwa mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa umeshagunduliwa miaka mingi kabla Burkitt hajaiona Lira.

Uligunduliwa na mshonaji nguo. Vitabu humpa sifa profesa, lakini mimi naona mwenye sifa ni yule mama. Mwaka 1895, kule Ann Arbor, Michigan, Profesa Aldred Warthin alikuwa na mwanamke aliyemshonea nguo. Siku moja akamwona ana huzuni, akamuuliza. Mwanamke akamwambia anajua atakufa mapema, kwa sababu watu wote wa kwao hufa kwa saratani ya tumbo au ya kizazi. Profesa angeweza kucheka. Hakucheka. Alianza kuandika majina ya ukoo ule, nani alizaliwa na nani, nani alikufa na nini, na mwaka 1913 akachapisha, akiuita Ukoo G. Mshonaji mwenyewe alikufa kwa saratani ya kizazi, kama alivyosema.

Hebu tulia hapo kidogo. Mwanamke yule hakuwa na darubini. Alikuwa na kile ambacho kila mtu hapa Musanda anacho, yaani kumbukumbu ya matanga. Alijua nani amezikwa, akiwa na umri gani, baada ya kuugua vipi.

Wataalamu wengi hawakulitilia maanani jambo hilo kwa miongo. Mwaka 1962, Omaha, Nebraska, daktari mwanafunzi anaitwa Henry Lynch, ambaye ujanani alidanganya umri ili aingie jeshi la majini kisha akawa bondia, akapewa mgonjwa mlevi. Akamuuliza kwa nini anakunywa namna hiyo. Mgonjwa akajibu kwamba ukoo wake wote hufa kwa saratani ya utumbo, yeye pia ni zamu tu, basi kwa nini asinywe? Lynch akafanya kama Warthin, akachora ukoo. Mwaka 1966 akachapisha yeye na wenzake. Wengi hawakumwamini: saratani, walisema, hutoka kwenye mazingira, hairithiwi. Akaendelea kuzunguka kwa familia za wakulima akiuliza majina ya marehemu. Leo hali hiyo ya kurithi inaitwa sindromu ya Lynch.

Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1993, ikaitwa MSH2. Mwaka uliofuata ikapatikana MLH1, na baadaye MSH6 na PMS2. Burkitt alifariki Machi 1993, miezi michache kabla. Na mwaka 2000 watafiti wakaupima Ukoo G, vizazi vya yule mshonaji, wakakuta hitilafu kwenye MSH2. Miaka 105 baada ya mama yule kusema, maabara ikasema ndiyo.

Sasa jeni hizi hufanya nini? Fikiria karani anayenakili kitabu kizima kila siku kwa mkono. Lazima atakosea herufi. Kwa hivyo kuna msahihishaji anayepita nyuma yake. Kila seli ya mwili ikigawanyika hunakili kitabu chenye herufi karibu bilioni 3, na hizo jeni nne ndizo zinazotengeneza wasahihishaji. Kila mtu huzaliwa na nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Ukirithi moja iliyoharibika, ya pili bado inafanya kazi, na unakua mzima kama wengine, unacheza mpira, unaoa. Lakini utumbo ni mahali ambapo seli hugawanyika kila saa. Siku ile nakala nzuri inaharibika ndani ya seli moja tu huko, makosa yanaanza kurundikana bila wa kuyasahihisha, na kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo hugeuka saratani haraka kuliko kwa mtu mwingine.

Mzazi mwenye hitilafu humpitishia kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Mvulana au msichana, sawa tu. Wa mke mkubwa au wa mke mdogo, sawa tu. (Shikeni hilo, nitalirudia.) Na kuwa nayo si kufa nayo. Wenye MLH1 au MSH2 mbovu, karibu nusu yao hupata saratani ya utumbo maishani. Wa PMS2 ni wachache zaidi. Kuna ukoo nyingine zenye hitilafu tofauti, kwenye jeni inaitwa APC iliyopatikana 1991, ambapo vinyama huota kwa mamia mtu akiwa bado kijana. Halafu kuna mabadiliko madogo madogo, zaidi ya 100 yanayojulikana, ambayo kila moja huongeza hatari kidogo sana, na hayo mengi yamesomwa kwa damu ya Wazungu na Waasia. Ndiyo maana Mwafrika akipimwa, ana nafasi kubwa kuliko wao ya kurudishiwa karatasi inayosema kuna badiliko ila maana yake haijulikani bado. Somo la Burkitt lilituhesabu kama watu salama. Maabara nazo zimechelewa kutuhesabu kabisa.

Kabla hujakimbia kwenye komenti kuniambia jirani yako pia alikufa na tumbo: saratani nyingi za utumbo hazina jeni kuu ya kurithi. Sindromu ya Lynch ni kama 3 katika kila wagonjwa 100. Madaktari wa Nairobi na wa Tenwek kule Bomet wameandika kwamba wagonjwa wetu ni wachanga kuliko wa Ulaya, lakini uchanga peke yake si ushahidi wa kurithi. Kinachotakiwa kukushtua ni mpangilio. Mwaka 1991 wataalamu walichapisha kanuni rahisi, iliyopewa jina la Amsterdam: jamaa watatu wa damu waliougua, mmoja akiwa mzazi, mtoto au ndugu wa hao wengine wawili, wakiwa wa vizazi viwili vinavyofuatana, na angalau mmoja akiwa hajafika miaka 50. Tatu, mbili, moja.

Nilipoisoma usiku ule nilichukua programu za mazishi zilizo kwenye sanduku la kukhu. Babu, 46. Senje, 44. Baba mdogo, 39. Wa babu hakuna maabara iliyomthibitisha, wala wa senje, lakini sikuhitaji kikokotoo.

Ndiyo maana siwezi kuwaita wazee wa 1987 wajinga, na naomba msiwaite. Waliona kwamba kifo kile hakikuwa cha kawaida, na waliochukua laana kutoka kifo hadi kifo walikuwa sahihi kwamba kuna kitu kinatembea ndani ya boma. Walichokosa ni mahali pa kuelekeza kidole. Na sisi Waluhya tungefaa kuwa wazuri sana kwa kazi ya Warthin! Huwezi kuoa kwa ukoo wako, wala kwa ukoo wa mama yako, kwa hivyo mtoto wa miaka kumi anajua ametoka kwa akina nani pande zote. Matanga yetu husoma wasifu mzima wa marehemu hadharani. Tunakosa mstari mmoja tu, kwa sababu pale panaposema "aliugua kwa muda mfupi" hatusemi aliugua nini.

Baba yangu ana miaka zaidi ya 60 na ni mzima. Nimemwomba apimwe. Akikutwa hana, mimi na dada zangu tunalala usingizi, kwa sababu jeni hairuki kizazi. Akikutwa nayo, tunajua la kufanya. Amekataa mara mbili. Mara ya kwanza alisema pesa, mara ya pili akasema ukweli: "Ukinipa jina la kile kitakachoniua, nitakuwa nakiangalia kila asubuhi." Nilikosa jibu, na bado sina. Njia nyingine ilikuwa kipande cha uvimbe wa baba mdogo, kwa maana hospitali hukihifadhi kwenye nta, na kinaweza kupimwa hata miaka ikipita. Tuliambiwa kitatafutwa. Bado kinatafutwa.

Lakini kujua kunasaidia, si hadithi. Finland walifuata familia za Lynch kwa miaka 15. Waliokuwa wakiingiziwa kamera kila miaka mitatu, na vinyama vikatolewa kabla havijageuka, saratani ilipungua kwa zaidi ya nusu na hakuna hata mmoja aliyekufa nayo. Upande wa waliokataa walikufa 9. Utafiti mwingine ulionyesha aspirini kila siku kwa angalau miaka miwili hupunguza saratani ya utumbo kwa wenye Lynch, ingawa msinunue leo dukani kwa sababu yangu, inaweza kutoboa tumbo; muulize daktari. Wale wale walijaribu pia wanga mgumu kumeng'enya, wa aina iliyo kwenye ndizi mbichi. Utumbo mpana haukupata nafuu, lakini saratani nyingine za Lynch, hasa za sehemu ya juu ya tumbo, zilikuwa chache. Burkitt angefurahi.

Mimi nilienda mpaka Eldoret mwaka jana nikaingizwa kamera. Siku nzima ya kunywa dawa ya kusafisha, hiyo ndiyo mbaya, yenyewe unalala. Walikuta safi. Narudi tena baada ya miaka miwili.

Na sasa lile nililosema nitalirudia. Babu alikuwa na watoto wengine wawili. Walikwenda Ugenya mgongoni na mkononi kwa mama yao mwaka 1987, na hatari yao ni ileile ya baba yangu, ya senje, ya baba mdogo. Shilingi ilirushwa kwao pia. Kila mtu nyumbani alijua wako wapi. Nilipotaja kwamba lazima waambiwe, binamu yangu alisema, "Tuliwafukuza kwa uchawi, leo tuwapelekee ugonjwa?" Kukhu, ambaye ndiye alikuwa mke mwenza, hakusema kitu. Asubuhi alinipa kuku wawili na pakiti ya majani chai.

Nilienda peke yangu, Jumamosi. Mama mwenyewe alishafariki. Binti anaishi Mombasa. Yule kijana wa miaka 4 sasa ni mwanamume aliyevuka 40, ana duka la vipuri vya pikipiki, ana pua ya babu. Nilimwamkia, nikamwita baba, kwa sababu ndivyo alivyo kwangu. Alinikaribisha vizuri lakini kuku aliwaacha kwenye mfuko mlangoni kwa muda mrefu.

Nilianza na yule mshonaji, nikamalizia na babu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Kwa hivyo mama hakumpa kitu?"

Nikasema hapana, hakumpa kitu.

Alinyamaza, akamhudumia mteja wa plagi, akarudi. Akaniambia mama yake hadi anakufa hakuwahi kupika mboga kwa mgeni bila kwanza kuonja mbele yake. Watoto walidhani ni adabu ya kwao.

Halafu akaleta kalamu na daftari la madeni ya duka, akaniomba nimtajie umri wa kila mmoja, polepole. Aliandika. Akanitumia namba ya dada yake. Tarehe ya Eldoret tumechukua pamoja.